Msaada wenye tarehe: uzi kwa wanaotaka kusaidia familia iliyokwama, na kwa familia zenyewe

Kalamu ya Risasi (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi huu nimeukalia muda mrefu, leo nauandika. Ni mrefu, mwenye haraka arudi baadaye.

Miaka kadhaa iliyopita kaka yangu alianguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi akaumia uti wa mgongo. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa watu. Viti havikutosha, wengine walisimama mlangoni. Kila aliyeaga alimshika shemeji mkono akamwambia, "Ukiwa na shida yoyote, usisite kusema." Walimaanisha, sina shaka nao. Wiki ya sita nilipokwenda nilimkuta shemeji peke yake jikoni, simu ameizima makusudi kwa sababu wanaomdai walikuwa wanapiga tangu alfajiri, na mtoto wa mwisho ana siku ya tatu hajaenda shule. Hakumwambia mtu. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Ningeanza na nani? Na ningeanza na lipi?"

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mtu aliyezidiwa ukimwambia "sema unachotaka", umemwachia kazi tatu kwa mpigo: achague shida moja kati ya kumi, akisie wewe una uwezo wa kiasi gani, halafu ameze aibu aje aombe. Wengi hawafiki hata kwenye ile kazi ya kwanza.

Juu ya kabati kulikuwa na mfuko wa plastiki umejaa bahasha, nyingi hazijafunguliwa. Tuliumwaga mezani. Yeye alisoma kwa sauti, mimi nikashika kalamu ya risasi, na juu ya kila bahasha niliandika mambo matatu: imetoka kwa nani, wanataka nini, mwisho lini. Zilikuwa 31. Nyingine matangazo ya biashara tu, nyingine zilirudia jambo moja mara tatu kwa maneno makali zaidi kila mara. Nyembamba kuliko zote ilihusu fidia ya kuumia kazini: dai lifike ndani ya siku 30 tangu ajali. Siku hiyo ilikuwa ya 41.

Shemeji aliisoma mara mbili. Kisha akaikunja kwa mikunjo ile ile iliyokuja nayo, akairudisha ndani ya bahasha, akaenda kusimama dirishani.

Tuliandika barua ya kuomba dai lipokelewe kwa kuchelewa, tukaambatisha karatasi ya hospitali iliyoonyesha kwamba kwa muda wote ule mwenye dai alikuwa amelazwa na mke wake anashinda naye wodini. Lilikubaliwa, baada ya miezi minne ya kwenda na kurudi. Lakini sijasahau kwamba wiki ya kwanza ndani ya nyumba ile walikuwepo watu wasiopungua 40 wanaojua kusoma, na bahasha ile ilikuwa juu ya kabati wakati huo huo. Mimi nikiwa mmoja wao.

Waliowavusha walikuwa wawili, na wala hawakuwa matajiri. Wa kwanza ni jirani, fundi cherehani. Alisema, "Alhamisi saa nne asubuhi ni yangu." Na kila Alhamisi, kwa zaidi ya mwaka, alikuja kumgeuza kaka, kumwogesha na kukaa naye hadi saa saba, ili shemeji atoke: benki, shuleni, ofisini, au akalale tu chumba cha pili. Wa pili ni binamu yetu aliyetuma kiasi kile kile kila tarehe 5. Hakikufika robo ya kodi ya nyumba. Ila kwa kuwa kilikuwa na tarehe, shemeji aliweza kwenda kwa mwenye nyumba na kumwambia, "Tarehe 6 nakuletea hiki." Mwenye nyumba aliyekuwa hataki kusikia lolote alikaa chini wakazungumza.

Msaada wenye tarehe ndio ninaoutetea humu. Mdogo, wa kueleweka, unaojulikana unaanza lini na unaisha lini. Naomba wenye uzoefu, waliotoa na waliopokea, mseme mliyoyaona.

Mama wa Wanne

Asante sana Kalamu. Mimi nimekaa upande wa kupokea karibu miaka mitatu, na hiyo ya wiki ya sita naijua vizuri mno.

Naongeza la picha. Kuna watu walituletea vitu, vitu vizuri tu, wakatupanga mbele ya mlango watupige picha na mifuko. Binti yangu alikuwa darasa la sita. Jumatatu yake mwenzake alimwonyesha ile picha kwenye simu. Alirudi nyumbani akanambia, "Mama, wakija tena mimi nitakuwa kwa jirani." Na kweli, tangu siku hiyo kila mlango ukibishwa alikuwa anatokea mlango wa nyuma. Tafadhali, ukitaka kumbukumbu kwa ajili ya wachangiaji wako, piga picha risiti. Nyuso za watoto ziacheni.

La pili, ulizeni saizi. Tuliletewa nguo za watoto za kujaza sanduku, na hakuna hata kiatu kimoja kilichomwingia mwanangu aliyekuwa anakwenda shule na ndara. Swali la saizi ya kiatu unalimaliza kwa ujumbe mmoja wa simu.

Zamu ya Usiku

Mkuu umeandika vizuri, ila kwenye kutuma pesa mimi nina wasiwasi. Nimeona kwa macho yangu mtu anachangiwa asubuhi, jioni yuko baa. Bora ununue vitu mwenyewe uwapelekee.

Kalamu ya Risasi

Ndugu yangu, huyo uliyemwona yupo, siwezi kumkataa. Swali ni kama yeye ndiye sura ya wote. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 zilizopima jambo hili hili, kutoka Amerika ya Kilatini, Afrika na Asia: familia maskini zikipewa fedha mkononi, matumizi ya pombe na tumbaku yanapanda? Kwa jumla hayakupanda, na mara nyingi yalishuka. Mimi naona sababu haiko mbali. Mtu akipata tumaini la ada ya mtoto, ile shilingi inakuwa na mwenyewe.

Vitu vina wakati wake. Mafuriko yakipita na maduka yamefungwa, noti haikusaidii, unahitaji blanketi na maji safi. Na kama ndani ya nyumba kuna mtu mmoja unayejua kabisa kwamba fedha haipiti mikononi mwake salama, lipa moja kwa moja: kodi kwa mwenye nyumba, ada kwa shule, dawa dirishani. Lakini hilo lifanye kwa yule unayemjua hivyo, usiwavalishe wote kanzu yake. Mama anayejua kwamba kesho bili ya maji inaisha muda, ukimletea shehena ya vitu alivyonavyo tayari, atalazimika kuviuza kwa nusu bei ili apate hiyo bili. Umepoteza nusu ya sadaka yako njiani.

Msoma Historia

Hapo kwenye "ndani ya nyumba nani anapokea" naomba nitie neno, maana lina kisa chake.

Uingereza kulikuwa na mbunge mwanamke, Eleanor Rathbone, aliyepigania posho ya familia, yaani fedha ya serikali kwa ajili ya watoto, kwa zaidi ya miaka 20. Muswada ulipofika bungeni mwaka 1945 ulitaka posho iwe ya baba. Alisimama kuupinga kwenye kifungu hicho, akisema fedha ya watoto ipite kwenye mkono unaowalisha, na wabunge wakakibadilisha alipwe mama. Malipo ya kwanza yalitoka Agosti 1946. Yeye alikuwa amefariki Januari mwaka huo huo, hakuyaona.

Miaka ya mwisho ya 1970 nchi hiyo hiyo ikafuta nafuu ya kodi ya mapato iliyokuwa inaongezwa kwenye mshahara wa baba kwa ajili ya watoto, ikaihamishia kwenye posho anayochukua mama. Wachumi Lundberg, Pollak na Wales walilichunguza badiliko hilo na kuchapisha mwaka 1997: matumizi ya nguo za watoto na za wanawake yalipanda yakilinganishwa na nguo za wanaume. Fedha ya familia ile ile, imebadilisha mfuko tu. Brazil nao walipoanzisha Bolsa Família, mpango wa serikali wa kuzipa familia maskini fedha, mwaka 2003 waliweka kwamba mpokeaji awe mama kwanza.

Mzee wa Daftari

Nimekuwa mhasibu hadi nikastaafu, na siku hizi watu wananiletea madeni yao nyumbani. Niongelee upande huo.

Kosa ninaloliona karibu kila mara ni kumlipa anayepiga kelele zaidi. Anayepiga simu mara nane kwa siku analipwa kwanza, na yule aliyekaa kimya na hati ya kukuondoa kwenye nyumba anasubiri. Panga madeni kwa madhara yake. Linaloweza kukutoa kwenye nyumba, kukukatia umeme na maji, kukukosesha dawa au kukufikisha mahakamani, hilo ni la mbele. Mkopo usio na dhamana, hata mdai wake awe na mdomo mchafu kiasi gani, unakuja nyuma. Utamlipa, lakini hatakula nyumba yako leo.

Pili, msikope kulipa mkopo. Chukua deni la 100 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwezi. Asilimia 15 inaonekana ndogo kwenye kioo cha simu. Usipolipa na riba ikawa inajumlishwa kwenye deni, baada ya miezi 12 unadaiwa 535. Nimewahi kumpigia hesabu hiyo baba mmoja kwenye karatasi, mwezi kwa mwezi. Alipofika mwezi wa tano akaniomba nisimamishe. Alikuwa na mitatu ya namna hiyo.

Kwa hiyo anayetaka kusaidia familia yenye madeni, msaada mkubwa kuliko noti unaweza kuwa saa mbili mezani na daftari. Upande mmoja kila kinachoingia na tarehe yake, upande wa pili kila kinachotoka na tarehe yake. Mara nyingi utaona kwamba pengo halipo mwezi mzima. Lipo kati ya tarehe 20 na tarehe 30, na ndiyo siku wanazokopa. Ukijua hivyo, huna haja ya kutoa zaidi, unabadilisha tarehe ya kutoa.

Kalamu ya Risasi

Mzee shikamoo. Hilo la tarehe 20 hadi 30 nimeliandika pembeni.

Na wanaosema "maskini hawajui kupanga" nawaombea wausome utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwenye jarida la Science na watafiti wanne, wakiwemo Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir. Walikwenda Tamil Nadu, India, kwa wakulima wa miwa 464 kwenye vijiji 54. Mkulima yule yule alipimwa kabla ya mavuno, madeni yamembana, na akapimwa tena baada ya mavuno akiwa ameshalipwa. Kabla ya mavuno alifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Kichwa ni kile kile, lakini mzigo uliokuwa juu yake ni mwingine. Shemeji yangu ana akili kunishinda, na bado bahasha 31 zilimshinda kuzifungua.

Nimekwama Kweli

Samahani naingilia. Nimesoma uzi wote nikajiona mimi. Nina watoto wawili, mdogo ana selimundu, kliniki kila mwezi na akiumwa ghafla ni kulazwa. Kazi niliachishwa kwa sababu ya ruhusa za hospitali. Baba yao aliondoka, simu haipokei. Kodi nadaiwa miezi miwili, mikopo ya simu mitatu, shule wameandika barua. Ndugu zangu nimeshawaomba wakati wa mazishi ya mama, naona haya kurudi tena. Mtu anaanzia wapi?

Mama wa Wanne

Pole sana mama. Pole kweli. Kwanza kabisa, mtoto anaendeleaje leo? Na wewe umelala?

Usione haya kwa ndugu. Walikuchangia kuzika, sasa waambie kuna watu wako hai. Ila usiwaombe "msaada". Waombe kitu kimoja kila mmoja, kwa jina lake: dada, naomba nauli ya kliniki ya mwezi huu na ujao; kaka, naomba Jumamosi moja uje ukae na watoto. Watu wanakimbia ombi lisilo na mwisho. Ombi lenye mwisho wanaliweza.

Mzee wa Daftari

Binti, fanya haya wiki hii, kwa mpangilio huu.

Mtafute mwenye nyumba kabla hajakutafuta. Mpe kiasi, hata kidogo, na tarehe, na mwombe muandikiane kwenye karatasi, kila mtu abaki na yake. Usiahidi usichonacho. Ahadi ndogo iliyotimizwa mara mbili inakununulia mwezi wa tatu.

Wenye mikopo waandikie ujumbe mmoja unaofanana: nimepoteza kazi, ninauguza mtoto, naomba kusimamishiwa riba na kupangiwa malipo upya. Utunze kila jibu. Wakipigia watu walio kwenye simu yako kuwaambia unadaiwa, andika siku na saa, kwa sababu kwenye nchi nyingi hilo ni kosa na lina mahali pa kupelekwa.

Usichukue mkopo wa nne. Hata ukiitwa kwa jina zuri.

Msoma Barua

Mimi kazi yangu ni ustawi wa jamii, nitaongea kwa ujumla maana sijui uko wapi.

Hospitali kubwa karibu zote zina afisa ustawi wa jamii. Kliniki ijayo usimalize foleni ya daktari ukaondoka, muulizie. Yeye ndiye anayejua msamaha wa gharama unaombwa vipi, kama kuna posho ya mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, na fomu gani inahitaji sahihi ya daktari. Daktari anaweza asikwambie, siyo kwamba hajali, anadhani ulishaambiwa.

Andaa bahasha moja yenye nakala: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho chako, barua ya kuachishwa kazi, karatasi ya kliniki inayotaja ugonjwa, uthibitisho wa mahali unapoishi, barua ya shule. Nimeona maombi mengi yakikwama kwa karatasi moja tu, na mara nyingi ni cheti cha mtoto kilichoandikwa jina tofauti kidogo na la kitambulisho cha mama. Angalia hilo mapema.

Kila ofisi utakayoingia andika umezungumza na nani, siku gani, amesema nini. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uulize rufaa mwisho wake lini. Wengi wakiambiwa hapana kwa mdomo wanaondoka, kumbe mlango bado uko nusu wazi. Na mtu yeyote akikuomba ada ya kujaza fomu au ya "kuharakisha" msaada, ondoka. Msaada wa kweli haukudai fedha kwanza.

Halafu shuleni nenda mwenyewe, usisubiri barua ya pili. Mwalimu mkuu anayejua kwamba mtoto ana selimundu atakusaidia na mambo mawili makubwa: ada kwa awamu, na mtoto kupewa maji na kupumzika bila kugombezwa.

Zamu ya Usiku

Nimesoma. Naomba nirudi kidogo kwenye nilichosema juu, nadhani nilikuwa namfikiria mtu mmoja tu.

Swali langu kwa upande wa mtoaji. Mimi mshahara wangu wenyewe unaishia katikati ya mwezi. Nina familia mbili ninazoziona zinahitaji. Nikianza kutuma kila mwezi halafu nikashindwa si ndiyo nimewaangusha vibaya zaidi?

Kalamu ya Risasi

Swali zuri kuliko yote humu. Ndiyo, unaweza kuwaangusha, na nimeona ikitokea. Mjomba mmoja aliahidi kaka "mpaka upone". Mwezi wa tano aliacha kimya kimya, na shemeji alikuwa ameshajifunga kwa mwenye duka akitegemea fedha hiyo. Waliacha kusalimiana, watu waliopendana.

Ahidi miezi mitatu unayoiweza. Waambie tangu siku ya kwanza: ni miezi mitatu, mwezi wa pili tutakaa tuone. Ukikaribia mwisho wakumbushe. Kama fedha huna, toa saa. Unafanya kazi usiku, maana yake mchana wewe unaweza kupanga foleni ofisini wakati wengine wako kazini. Huyo dada yetu hapo juu akipata mtu wa kukaa na mtoto saa tatu tu kwa wiki, anaweza kutafuta kibarua. Na familia mbili ni nyingi kwa mtu mmoja. Chukua moja, ya pili itafutie mwenzako.

Msoma Historia

Naomba tusibebe yote mabegani mwetu. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, Kifungu cha 25, kinasema kila mtu ana haki ya maisha yanayotosha kwa afya yake na ya familia yake, na haki ya kulindwa akikosa kazi, akiugua, akiwa mlemavu, akifiwa na mwenza au akizeeka. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 102 wa mwaka 1952 ukaitaja posho ya familia kuwa mojawapo ya matawi tisa ya hifadhi ya jamii. Na bado, kwa ripoti ya shirika hilo hilo, mwaka 2023 walioguswa na angalau mafao ya aina moja walikuwa asilimia 52.4 ya watu wote duniani. Waliobaki ni watu bilioni 3.8. Jirani wa Alhamisi ni mtu wa kumshukuru, ila asigeuzwe kuwa wizara. Tukimsaidia mtu kujaza fomu tunamrudishia haki yake iliyochelewa, ajue hivyo, aijaze akiwa ameinua uso.

Mama wa Wanne

Hapo kwenye kuinua uso, Kalamu, kaka yako alikubalije kuogeshwa na jirani? Mume wangu alikataa kila mtu. Alikuwa anasubiri nirudi.

Kalamu ya Risasi

Alikataa pia. Alhamisi ya kwanza aligeukia ukutani, hakusema neno. Ya pili vivyo hivyo. Alhamisi ya tatu yule fundi cherehani alikuja na redio yake mbovu, akaiweka kwenye godoro, akasema, "Wanasema wewe ulikuwa unazifungua." Kaka kabla ya ujenzi alikuwa anatengeneza redio. Mikono yake haikuwa na tatizo. Hakujibu, lakini jirani alipotoka kuchota maji na kurudi, alikuta kifuniko cha nyuma kimeshatoka na skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha chupa.

Ile redio ilipona baada ya wiki mbili. Ikaja ya pili, ikaja pasi, ikaja feni ya mtu mwingine. Wakati wa kuogeshwa walikuwa wanabishana kuhusu waya. Baadaye watu wakawa wanalipa. Nikisikia mtu anauliza jinsi ya kusaidia bila kumdhalilisha mtu, nawaza zile skrubu.

Zamu ya Usiku

Mkuu, hapo nimesimama kusoma kwa dakika kadhaa.

Nimekwama Kweli (mrejesho, wiki tano baadaye)

Habari zenu. Niliahidi moyoni nitarudi.

Mwenye nyumba nilimfuata mwenyewe. Mara ya kwanza aliniambia maneno mazito, nikamaliza kusikiliza nikampa karatasi yenye tarehe. Mara mbili nimelipa siku niliyosema. Jana ameniita kwa jina langu. Kodi bado nadaiwa, lakini hati ya kuhama haipo.

Mikopo: mmoja wamekubali kunipangia upya, wa pili hawajajibu, wa tatu wanapiga bado. Nimeandika siku na saa kama Mzee alivyosema, ukurasa umejaa.

Hospitali nilimpata afisa ustawi. Chumba chake kiko mwisho wa korido ninayopita kila mwezi kwa miaka minne, sijawahi kuusoma ule mlango. Kuna msamaha wa dawa. Posho ya mtoto fomu imerudi kwa sababu ya jina, kwenye cheti kuna herufi moja imezidi, kama mlivyosema. Nimeanza kurekebisha.

Dada yangu alituma nauli ya miezi miwili na kusema mwezi wa tatu ni wa kaka. Walipangana wenyewe.

Na kuna mama wa nyumba ya pili, sikuwahi hata kuongea naye vizuri. Nilimweleza nilichosoma humu, nikamwomba saa tatu za Jumanne, wiki nne tu. Kesho ni ya kwanza. Ameuliza mtoto akianza kuumwa afanye nini, nikamwandikia kwenye karatasi: maji mengi, asipigwe na baridi, dawa ya maumivu hii na kiasi hiki, akipata homa au akishindwa kupumua vizuri asinisubiri, hospitali moja kwa moja, namba yangu hii. Ameibandika mlangoni kwake. Mimi saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye ofisi ya vyeti, na bahasha yangu.

Mzee wa Daftari

Beba na nakala ya kitambulisho cha baba wa mtoto kama unayo. Wanaweza kuiomba.